Msiisubiri Ndege Yangu

Uwanja wa ndege, Frankfurt

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Umelala kweli? Umekula? Najua jibu, kwa hiyo naomba shangazi akusimamie unywe hata uji. Simu huisikii, ndiyo maana naandika kwenye karatasi na kumtumia Felista picha yake. Dada, msomee Baba kwa sauti, upande wa sikio la kushoto, na usiruke mahali.

Mimi mwili mzima, moyo hapana. Nilitoka Edmonton vizuri, nikavuka bahari, nikashuka hapa Ujerumani nikijua nabadilisha ndege tu, kesho asubuhi niko KIA, mchana tunamzika Mama. Theluji ikaanza kuanguka. Ile ile tuliyokuwa tukiitazama kule Kibo tukiwa uani, tukaiona pambo, hapa imefunga uwanja mzima. Ndege yangu imefutwa. Nyingine inaondoka kesho jioni, yaani nitafika Mama akiwa ameshazikwa.

Nimemsihi dada wa kaunta mpaka nikaona aibu. Nikamwambia mama yangu anazikwa kesho. Akanipa pole na kuponi ya chakula. Nimekula mkate wake huku nalia, watu wananipita na mabegi yao.

Ndani ya ndege kila kiti kina skrini inayoonyesha ramani. Niliitazama njia nzima, kandege kamekwama juu ya bahari kama hakaendi. Nikamkumbuka Mama nilipokuwa naondoka nyumbani.

"Huko ni kama kwenda Dar mara ngapi?"

Nikamwambia kwa saa za basi ni kwenda na kurudi, mara mbili, bila kupumzika. Akashika kiuno.

"Na hiyo ndege inasimama wapi mkachimbe dawa kichakani?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Leo ndiyo naelewa alichokuwa akiuliza: akiniita, nitafika lini?

Felista anasema umewaambia wazee mazishi yasogezwe mpaka nifike. Nashukuru, Baba, lakini hapana. Pombe ya mbege imeshaiva, ikikaa zaidi itachachuka na hakuna atakayeinywa. Watu wametoka Dar na kazi zinawangoja. Na Mama mwenyewe unamjua, kuwaweka wageni wakisubiri alikuwa hapendi kabisa. Mzikeni kesho. Nimesema mimi, asije mtu akakulaumu.

Nisalimie shangazi Apolonia aliyeshika jiko, na jirani yetu katekista anayewaongoza kwenye sala. Msalimie pia baba mdogo Aloyce, anayesimamia kaburi. Yeye nina ombi naye.

Baba mdogo, najua fundi ameshaleta saruji. Mwambie asiguse kaburi kwanza. Na mkishafukia, bakizeni udongo kidogo pale kando ya migomba ya Mama, beleshi moja tu linatosha. Ufunikeni na majani ya mgomba usinyeshewe. Nikishuka KIA napanda moja kwa moja nyumbani Kilema. Msinikaribishe ndani, msinipe maji. Nipeni beleshi.

Niko njiani, Baba.

Mwanao,
Prosper