Vyombo vya Wateja wa Samli

Bweri,
S.L.P. 1174,
Musoma.
14 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Hamduni,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino limetulia. Huko Dodoma vumbi ni jingi, usisahau kunywa maji. Sisi hatujambo. Eda niliimaliza salama mwezi uliopita. Magoti yananisumbua kidogo asubuhi, basi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu kwa sasa sitaki hata kuishika. Usikasirike. Nikikupigia utanikatiza kwa maelezo, na mimi nataka unisikilize mpaka mwisho.

Siku ya arobaini ya marehemu baba yako mdogo uliniwekea ile programu ya kazini kwenu, ya kupiga picha mistari myeusi kwenye chupa na makopo ili simu ikuambie kitu kiende mfuko gani. Nilifurahi. Ndani ya eda mtu hana pa kwenda, nikapiga picha mpaka pakiti ya chumvi. Chupa za maji mfuko wa njano, maboksi mfuko wa kijani. Na kusema kweli, mtaro wa hapa kwetu mvua hii haujaziba. Hilo nawapa.

Lakini duka la samli, Hamduni.

Labda hukuwahi kuiangalia vizuri ile rafu ya nyuma pale Mwisenge. Marehemu Kasmiri hakuuza vyombo. Kila mteja alileta chake, kidumu cha mafuta ya kula, kopo la siagi, chupa ya juisi. Samli ikimwishia anakiosha na kukirudisha, kinakaa rafuni kikisubiri mzigo mwingine kutoka Butiama. Marehemu aliandika jina la kila mmoja juu ya kifuniko. Mwenye chombo rafuni ndiye mteja, hana haja ya kuagiza. Nikimpelekea chai siku ya mzigo namkuta anajaza huku anayasoma yale majina kwa sauti ndogo, na mtu akiwa mgonjwa anamwongezea kijiko.

Nikiwa edani duka alilishika Miriamu, binti wa wifi yangu wa Bunda. Mtoto mtiifu sana. Nikamwambia naye aiweke programu kwenye simu yake, asafishe duka. Siku moja akanipigia.

"Mama, rafu nzima ya nyuma simu inasema ni taka. Ila vifuniko vina majina."

"Simu inasemaje kuhusu vifuniko?"

"Vitolewe, viwekwe mfuko wa peke yake. Vyombo vipondwe."

"Basi fuata hivyo hivyo."

Sikumuuliza majina ya nani. Kichwa changu siku zile hakikuwa hapa. Akaviponda vyote thelathini na sita kwa mguu, na simu ikampongeza.

Nilipotoka eda nikafungua duka, wa kwanza kuja ni fundi Ngolo anayeshona magodoro. Akaulizia kidumu chake, nikamweleza.

"Kwa hiyo mimi nimeshapondwa, niko njiani kwenda kiwandani," akasema. "Mama, si ungeniaga?"

Watu wakacheka. Mama Getruda hakucheka. Alisema marehemu asingemfanyia hivyo, akaondoka. Yeye na wengine wanne sasa wananunua kwa yule jamaa wa stendi. Hili duka halina kitu kingine ila hao watu. Wakiisha nitalifunga, na sijui mchana nitakuwa nakaa wapi.

Nikaenda Bunda, kwenye ghala wanakokusanyia ile mifuko. Vidumu vyenyewe vilishasagwa. Mfuko wa vifuniko ulikuwepo bado. Nikamwomba binti mmoja anaitwa Boke anipe.

"Mama, umeshaingia kwenye mfumo."

"Mimi?"

"Mfuko, mama. Ukishapimwa hautoki."

"Mwanangu, ni vifuniko tu vimeandikwa majina ya watu. Nyinyi vitawafaa nini?"

"Mfumo unavihesabu."

"Huyo mfumo anakaa ofisi gani nikaongee naye?"

Hapo naye akachoka, akaandika namba yangu ya simu, akanipa kigoda. Nilichambua tangu saa nne mpaka adhuhuri, nikapata ishirini na tisa. Nimefika nyumbani tu, simu ikaleta ujumbe kwamba nimeondoa vifungashio ishirini na tisa, pointi zangu zimepungua, nijitahidi kuvirejesha. Nilikaa nikauangalia ule ujumbe mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe.

Ninachokuomba, waambie wakubwa zako. Simu inajua kitu ni cha plastiki au cha bati. Kabla ya kusema kipondwe, imuulize mtu kwanza hicho chombo ni cha nani na kinasubiri nini. Huku kwetu kidumu kitupu kina kazi. Waje wakae dukani kwangu hata siku mbili, chai nitapika. Na Miriamu usimseme, kosa ni langu na lenu.

Sasa vifuniko nimevipanga rafuni bila vyombo, nawaita wenyewe walete vingine. Tisa wameleta. Vingi haviingiani, nafunga kwa uzi.

Jana akaja mzee Wanzagi kutoka Mwitongo. Kifuniko chake ni kati ya vile saba nilivyokosa, nilikuwa namwogopa kuliko wote. Akaweka kidumu kipya mezani, akanisogezea kalamu. Nikaandika jina lake, na unaujua mwandiko wangu. Akakigeuza, akaangalia.

"Marehemu aliwekaga mstari chini."

Sikuwa nimeuona huo mstari miaka yote. Nikaenda kuangalia vile ishirini na tisa, kila kimoja kina mstari, umenyooka kama kauchora kwa rula. Nikarudi nikamwekea na yeye.

"Haya," akasema. "Mzigo ukija, jaza." Akakipeleka rafuni mwenyewe.

Msalimie mkeo Shani, na Khalidi mdogo umwambie bibi anamkumbuka. Grace wa jirani anakusalimu. Mungu akuzidishie afya na akupe kazi isiyokuchosha moyo.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Mama yako mdogo,
Yasmin