Biblia ya Baba Mkwe

Alhamisi, 12 Januari 2006

Tunaapishwa Jumanne, Katesh wilayani. Mimi, diwani! Mume wangu Benedict ananiita mheshimiwa huku akinikabidhi ndoo ya kukamulia.

Baba mkwe hacheki. Mzee Nicodemo amekuwa diwani wetu tangu kabla sijaolewa hapa Endasak. Nimemshinda mimi, mke wa mwanawe, kwenye kura za maoni za chama. Leo nimempelekea uji. Shikamoo baba. Marahaba — kaliambia bakuli.

Jumamosi, 14 Januari

Halmashauri ina Biblia mpya za kuapia. Mimi naitaka ile ya baba. Babu, baba yake, aliapia hiyo alipoingia barazani enzi za mkoloni. Baba naye, kila alipochaguliwa. Jalada limeachia, kurasa zinanukia moshi.

Benedict kaenda kuniombea. Karudi kichwa chini. Mzee kasema Biblia ile si kiti, akiinuka mmoja akalie mwingine.

Imeniuma. Nimelia jikoni, nikasingizia kuni mbichi.

Jumatatu, 16 Januari

Mama mkwe kanifuata shambani, napalilia maharage. Ananong'ona: mzee anaishona ile Biblia! Kaomba sindano ya magunia, kakata ngozi ya ndama. Akiulizwa, anasema panya wameila. Panya gani, mwanangu!

Jioni nimempelekea chai. Kaifunika kwa koti haraka. Lakini kanitazama usoni — mara ya kwanza tangu zile kura. Kaniuliza kesho nitavaa nini. Kitenge cha bluu, baba. Akasema asubuhi kuna baridi, nibebe sweta.

Basi. Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Jumanne, 17 Januari

Naandika ukumbini. Hakimu ameanza kuapisha. Nimepakata Biblia ya halmashauri, mpya, kurasa bado zimegandana. Asubuhi nilipita kumuaga baba. Kajifungia ndani, nikaondoka bila kumwona.

Wamebaki wawili kabla yangu.

Mlangoni kuna kelele — baba! Kapanda pikipiki ya watu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kakumbatia kitu ndani ya koti. Askari anamwambia wageni wakae nyuma. Baba anasema yeye si mgeni humu, amemletea binti yake Biblia.

Binti yake!

Askari kanyoosha mkono aipokee. Baba hataki. Atanipa mwenyewe, anasema. Ukumbi mzima umegeuka. Hakimu kaweka miwani mezani.

Wananiita. Nimesimama. Baba anakuja katikati ya viti, polepole, na askari kamshika mkono. Naiacha ya halmashauri kitini, nafunga daftari.