Jina Lililotajwa Ngazini

Nyumba ya Mchungaji,
Nyuma ya kanisa, ghorofa ya pili.
Tarehe 12 Februari

Mpendwa Shangazi,

Usininunie kwa kukaa kimya muda wote huu. Kila nikishika kalamu, mmoja analia na mwingine anaitaka hiyo kalamu. Leo mdogo amelala mgongoni na mkubwa, Bosi wetu, nimempa vifuniko vya sufuria, kwa hiyo ukiona mwandiko unaruka ujue ni kelele zake.

Magoti yako yanaendeleaje? Na kikohozi cha Babu kimepungua, au bado anakificha ili asipelekwe hospitali? Sisi hatujambo. Baridi imeshatuzoea. Bosi ananishinda kwa lugha ya hapa, na siku hizi anamwita baba yake "Mchungaji" kama waumini. Mwenyewe anaitika.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Unaniambia niombe radhi, niwaache wammwagie mtoto wa jirani maji mara ya pili, yaishe, mume wangu asije akaachishwa umisionari kwa sababu ya mdomo wangu. Shangazi, wewe ndiye uliyenilea na nakuheshimu. Katika hili sitakutii. Waliokusimulia walikupa nusu, acha nikumalizie.

Chini yetu anakaa fundi cherehani, mkwe wa mzee wa kanisa tunayemwita Mzee Funguo, maana funguo zote za kanisa, hata ya kabati la vikombe, zinaning'inia kiunoni mwake. Fundi alijifungua kabla ya wakati. Alipomleta mtoto nyumbani alikuwa hajajaza hata kiganja. Asubuhi moja nikasikia kilio, nikashuka mbio. Nilimkuta amekaa ngazini, mtoto mikononi amebadilika rangi, pumzi inakuja na kupotea. Gari la wagonjwa lilishaitwa. Mume wangu alikuwa kwenye usharika wa ng'ambo ya mto, simu haipatikani. Fundi akanishika gauni: "Mbatize, Mama Mchungaji. Mbatize sasa hivi."

Shule yangu kubwa ya dini ni mafunzo ya Kipaimara, na huko nilifundishwa kwamba mtoto akiwa hatarini na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Bosi alikuwa amenifuata na kikombe chake cha plastiki, anakunywa maji. Nikamnyang'anya. Nikauliza jina, fundi akataja la marehemu baba yake yeye mwenyewe. Nikammwagia mtoto yale maji kichwani, nikamtaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu kwa lugha yetu, maana ya hapa ilinitoka yote.

Mtoto alipona. Sasa ana mashavu.

Na mashavu yalipoota, maneno nayo yakaanza. Mzee Funguo anasema ule haukuwa ubatizo: mwanamke, ngazini, kikombe cha plastiki, lugha isiyoeleweka. Anataka ufanywe upya mbele ya madhabahu. Mume wangu akamjibu kwa ule upole wake kwamba ubatizo haurudiwi; mtoto ataletwa kanisani, atatangazwa, ataombewa, basi. Mzee akaandikia ofisi ya misioni kwamba mchungaji huyu ameshindwa kutawala nyumba yake, arudishwe kwao.

Lakini shida yenyewe, Shangazi, ni jina. Mzee alikuwa anangoja mjukuu aitwe jina lake yeye. Akibatizwa upya, ataitwa upya.

Jumamosi alikuja hapa, akakaa kwenye kiti cha mume wangu. "Binti, wewe ni mgeni," akaniambia. "Sema tu kwamba ulikosea, tusameheane."

Nilikuwa nambadilisha mdogo nepi. Nikamuuliza kwa lugha yao, na makosa yangu yote, "Mzee, mtoto angekufa siku ile, ungesema hakubatizwa?"

Akazishika funguo zake kiunoni zisilie.

"Pale makaburini ungewaambia watu nini?"

Akaangalia sakafu mpaka nikamaliza kumvalisha mtoto. "Ningewaambia amebatizwa," akasema.

"Basi amebatizwa."

Aliondoka bila kugusa chai. Malalamiko yake hajayaondoa, na ofisi bado haijajibu.

Mume wangu naye aliyavuta masanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kuyapangusa. Si mwoga, amechoka tu. Anahubiri kwa lugha aliyojifunza ukubwani, akitoka hapo anapanda basi kwenda kuhubiria vikongwe ambao nusu yao wanasinzia, na huwa anarudi amesahau kama amekula. Nikayajaza nguo zilizowabana watoto, nikayapandisha juu ya kabati. Nilimwona anatabasamu huku anafunga kola.

Ofisi ikituambia turudi, tutarudi tukiwa wima. Ila maji hayatamwagwa tena kwa mkono wa mume wangu, na mimi siombi radhi kwa ajili ya mtoto aliye mzima. Fundi ameshasema: Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao anamleta kanisani, jina lisomwe kama lilivyo, na atakayesogea na maji atabaki nayo.

Nisalimie Babu, mwambie kikohozi hakifichiki. Msalimie Mama Mdogo wa dukani na Binamu Mrefu. Mungu akulinde, akupe asubuhi ambazo magoti hayakulalamikii.

Wako akupendaye, asiyekutii mara hii tu,
Mwanao wa ng'ambo

Vitu ninavyohitaji bado:

Kola mbili nyeupe za mchungaji. Sabuni ya hapa inazigeuza njano.

Dawa ile ya kupaka kifua, ya watoto, siyo ya wakubwa.

Viatu vya Bosi, vizidi mguu wake kwa namba moja. Atavivaa hapahapa mwakani.

Kikombe cha plastiki chenye mkono. Kile cha Bosi fundi alikiomba, na sasa kiko juu ya cherehani yake, hakiguswi.

Ile shali nyeupe niliyobatiziwa mimi, iliyo chini kabisa ya sanduku lako, ni ya mtoto wa fundi. Najua utataka kuitarizi jina. Tarizi lile lililotajwa ngazini. Nimeliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, usije ukakosea.