Sahani ya Baba Mkubwa

Baba Tupokigwe,

Ukirudi mchana, mbuzi anywe maji. Chakula chako ~~nimekifunika jikoni~~ hakuna.

Asubuhi ulikuwa umezama kwenye gazeti, basi nikueleze ulichofanya. Baba Mkubwa Alinanuswe, aliyekulea ukila sahani moja na wanawe, ametoka Tukuyu na mkungu wa ndizi begani. Nimezipika na maharage. Wewe ukamsukumia sahani yake na uma, ukavuta yako, ukasoma. Mzee akanawa mikono, akangoja mwenye nyumba atie mkono kwanza kwenye chakula cha mgeni, kama alivyokufundisha mwenyewe. Akangoja mpaka ndizi zikapoa. Ndipo ukaniuliza, “Huyu mzee mbona hali?”

Huyu mzee! Siku tatu za semina Iringa, umerudi na suti ya Kaunda na uma sita, na umesahau kula na watu.

Ulipoondoka kwenda ofisini, akachukua fimbo yake akaaga. Hakukulaumu hata kidogo. Amesema tu labda umeshiba. Mimi ningekumwagia maharage kichwani.

Nimezipasha ndizi, nimezirudisha kwenye sufuria moja, nimembeba Tupokigwe, tunamfuata stendi. Tutakula naye palepale chini, na mwanao ndiye atakayetia mkono kwanza.

Uma zako sita nimeziosha na kuzipanga mezani kama ulivyofundishwa. Ziambie zikukaribishe.

Mama Tupokigwe