Homa Niliyotoka Nayo Mashuuru

Jumanne, 27 Aprili 1999

Siku ya sita Mashuuru. Bikoni kumi na moja leo, vigingi vya mipaka ya mashamba tunayopima. Nyasi zimefika kiunoni na mimi ndiye ninayetangulia na ncha ya tepu, kwa hiyo umande wote ni wangu na kupe wote ni wangu. Nimetoa saba kwenye soksi. Jioni Parsimei amefanya kama kila siku. Yeye ndiye mwenyeji wetu, anajua mpaka wa kila boma. Anavua shuka, mwenzake anamkagua makwapa, mgongo, mpaka kule chini, kisha wanabadilishana zamu. Hata serveya, na digrii yake, anavua bila haya. Mimi nimekataa tena. Mzee wa kanisa, baba wa watoto watatu, nisimame uchi nikikaguliwa kama mbuzi wa mnada? Nimejikagua mwenyewe nyuma ya gari, harakaharaka. Parsimei amesema kupe haijui kanisa. Wamecheka. Sikupenda.

Jumamosi, 1 Mei

Nyumbani Kitengela tangu jana. Mke wangu Mwikali amenipikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na nyama. Sikumaliza. Kichwa. Ni jua la wiki nzima.

Jumatatu, 3 Mei

Si jua. Nimetetemeka asubuhi yote chini ya blanketi mbili. Kichwa kinagonga nyuma ya macho, shingo ngumu, mifupa kama ya mtu mwingine. Mke wangu amesema malaria. Nimekubali, nani amewahi kukataa malaria. Muuza dawa wa stendi amenipa vidonge vitatu vya kumeza kwa mpigo. Hakuuliza hata nilikuwa wapi.

Jumatano, 5 Mei

Malaria haijasikia dawa. Nimeenda kliniki, wamenitoboa kidole. Hakuna malaria. Basi ni taifodi, wamesema, na kunidunga sindano. Sielewi ugonjwa unaobadilika jina kwa nusu saa. Daktari ameuliza kama kuna kitu kingine mwilini. Nimesema hapana.

Kipo. Nimekiona leo nikioga. Pajani, juu kabisa, karibu na mahali ambapo simwonyeshi mtu. Kidonda kidogo, cheusi katikati, chekundu pembeni. Hakiumi wala hakiwashi. Kingeuma ningekuwa na amani zaidi.

Alhamisi, 6 Mei

Mtoki. Upande ule ule wa kidonda. Mkubwa kama limau dogo. Siwezi kutembea vizuri.

Namanga. Naandika hapa kwa sababu sina mahali pengine. Februari, tukipima viwanja karibu na forodha. Mwanamke anayeuza chai. Siku mbili tu. Nilirudi nikajiambia imekwisha, nikasimama kanisani Jumapili na kusoma somo kwa sauti. Nimehesabu miezi kwa vidole, mara tatu. Sijui nahesabu nini.

Ijumaa, 7 Mei

Vipele. Mikononi na kifuani. Mchana kutwa nimewafikiria tuliowazika mwaka jana. Wote walianza na homa isiyosikia dawa. Wote tulisema ni taifodi.

Nimevaa shati la mikono mirefu. Mwikali ameuliza mbona nalala na suruali siku hizi. Nimesema baridi. Kama ninao, anao. Hilo ndilo linalonila, si kufa. Nikinyamaza atajua siku akiugua. Nikisema nitampoteza. Nimeomba. Sikujua niombe nini, nimesema tu Bwana, Bwana, kama redio mbovu.

Jumamosi, 8 Mei

Nimemwambia.

Watoto walikuwa kwa jirani. Alikuwa anafua. Nimesema yote kwa mara moja, Namanga, mtoki, vipele, nikiangalia beseni. Amesuuza shati alilokuwa nalo, akalianika vizuri, akarudi. Aliuliza lini. Nikajibu. Aliuliza mara ngapi. Nikajibu. Kisha akauliza tena.

"Tangu mwezi wa pili, Baba Mutua. Na mimi ulipanga kuniambia lini?"

Amehamia chumba cha watoto. Nilidhani nikisema nitapumua. Sijapumua.

Jumapili, 9 Mei

Sijaenda kanisani. Ameenda yeye, na watoto, kwa nguo za Krismasi. Amerudi akaanza kukunja vitu vyake kwenye mkoba. Ameniletea uji, ameuweka kwenye kiti, si mkononi mwangu. Kesho kutwa anaenda kwao Machakos na yule mdogo. Ameniambia kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Homa imepanda tena mchana. Sijui naumwa nini zaidi.

Jumatatu, 10 Mei

Nimechanganyikiwa kabisa.

Saa nne nilikuwa nimekaa mlangoni juani, blanketi mabegani. Parsimei akatokea. Ametoka Kisaju kwa mguu na karatasi za mipaka nizitie sahihi, kwa sababu serveya amelazwa Kajiado. Amesalimu, sopa, nikaitikia kwa kichwa. Ameniangalia. Akaniuliza, wazi kabisa, kama niko na kidonda nyeusi. Nikamuuliza nani amemwambia.

"Hakuna mtu ameniambia. Hiyo ni kupe. Mtu wa nje akiingia kwa nyasi yetu na hajaangaliwa, inamshika hivyo. Serveya pia alishikwa, ya kwake ilikuwa chini ya kwapa, mwenzake aliruka hapo akimkagua. Onyesha."

Nimevua. Mlangoni kwangu, mchana, mimi mzee wa kanisa, mbele ya Parsimei. Ameinama, ameangalia, amebonyeza mtoki kwa kidole kimoja, akasema ndiyo hiyo. Ile ndogo kama punje ya wimbi, mtu haioni mpaka imeshiba na kuanguka. Mimi niliyejikagua nyuma ya gari.

Nilipogeuka Mwikali alikuwa amesimama nyuma yetu na beseni. Amesikia yote. Amecheka, mara moja, kicheko kifupi ambacho sijawahi kusikia kwake. Kisha akaingia ndani. Parsimei amefurahi, amedhani mama amepata nafuu ya moyo. Nimetia sahihi karatasi zake zote bila kusoma.

Jumanne, 11 Mei

Kajiado, hospitali. Mwikali hakwenda Machakos. Amekuja nami, tumekaa benchi mbili tofauti. Daktari, mama mmoja wa makamo, ameangalia pajani kwa nusu dakika na kusema homa ya kupe. Ameuliza mbona sikuonyesha mtu wiki yote hiyo. Amenipa vidonge, asubuhi na jioni kwa siku saba.

Nimemuuliza, kwa sauti ndogo, kama basi yale mengine hayapo. Ameniambia kupe haijibu swali hilo. Damu peke yake. Wamenitoa damu. Nilipotoka Mwikali alikuwa ameinuka kwenye benchi lake na kukunja mkono wa blauzi. Hakuniangalia.

Alhamisi, 13 Mei

Homa imekwisha. Siku mbili tu za dawa na imekwisha, kama mtu amezima jiko. Nina njaa. Nimekula chapati nne.

Na nina hasira. Nimetafuta ni ya nani. Nimegundua namkasirikia Parsimei kwa kutokuja Ijumaa. Angekuja Ijumaa ningemeza dawa, ningepona, ningenyamaza. Nimeona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo. Nafurahi kwamba sikufa. Sifurahi. Nikimwona Mwikali anapita na ndoo nataka kusema ilikuwa kupe tu, kisha nakumbuka haikuwa kupe tu.

Jumatano, 19 Mei

Majibu. Mimi sina. Yeye hana. Daktari amesema turudi baada ya miezi mitatu ili kuhakikisha. Mwikali ameshika kaunta kwa mikono miwili na kulia pale pale, watu wakiangalia. Nimenyoosha mkono. Ameusogeza pembeni, taratibu, kama mtu anayesogeza kikombe. Njiani kurudi amekaa dirishani. Mimi pia nililia, Isinya, nikijifanya ni vumbi.

Ijumaa, 21 Mei

Kidonda kimeanguka gamba. Mtoki umeisha. Serveya ametuma neno kwamba Jumatatu tunarudi Mashuuru, bado bikoni nyingi. Nimemwambia Mwikali. Amesema sawa.

Mchana tumekaa nje, yeye anachambua ndengu kwenye ungo, mimi napaka mafuta viatu vya kazi. Watoto shuleni. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Kama ungejua mapema ni kupe, ungeniambia hiyo ya Namanga?"

Nilifikiria jibu zuri. Yapo mengi, nilikuwa nayo tayari tangu juzi.

Nimesema hapana.

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Ametoa kijiwe kimoja, akakitupa uani, akaendelea kuchambua.