Kanda za Mama Yako

Kiembe Samaki,
Unguja.
9 Februari 2025

Mpendwa Mwanakheir mwanangu,

Assalaam aleikum. Marahaba yako naitanguliza, maana najua adabu zako: ukiona mwandiko wangu tu utasema shikamoo, ijapokuwa nipo ng'ambo ya bahari. Hujambo? Talib mumeo hajambo? Na huyo mdogo wenu, meno yameshamtoka au bado anawakesha? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, isipokuwa magoti yangu ambayo yamestaafu kabla yangu. Mke wangu Zuleikha anasema si maradhi, ni uvivu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu. Mara tatu nimekurekodia ujumbe na mara tatu nimeufuta, kwa sababu nikisema kwa mdomo najua kukwepa, nawe unanijua. Basi nimeandika. Jirani yetu Sabri anasafiri kuja Muskati Ijumaa, naye atakukabidhi barua hii pamoja na bahasha ndogo. Hiyo bahasha usiifungue mpaka umalize kusoma.

Kituo chetu cha televisheni kimefungwa. Nyumba imechukuliwa na watu wa kupangisha wageni, na juzi wamekuja kupima dirisha la studio ili watie kiyoyozi. Miaka ishirini na minane nimefanya kazi mle, na kuaga kwangu kulikuwa kurudisha funguo.

Wewe uliondoka mdogo, kwa hiyo nikueleze ilivyoanza. Mzee Hasanali alikuwa na duka la redio Darajani. Siku moja akavuta waya kutoka chumba cha juu ya duka mpaka kwa nduguye, jirani akaomba na yeye avutiwe, na kabla ya mwaka kwisha waya umepita juu ya mapaa ya nusu ya Mji Mkongwe. Watu hawakuiita televisheni, waliiita Waya. Usiku wakionana barazani wanaulizana, "Leo Waya ina nini?" Ilikuwa na mpira wa Mnazi Mmoja, harusi, matangazo ya vifo, na hotuba za mabwana wakubwa ambazo hakuna aliyezitazama ila mabwana wenyewe. Baadaye tukahamia huku Kiembe Samaki, tukanunua mtambo wa kurushia matangazo, tukajiona tumefika.

Na Alhamisi baada ya magharibi kilikuwapo kipindi cha mama yako, *Chetezo*. Marehemu dada yangu Tabia alikaa kwenye mkeka, chetezo cha udi mbele yake, akifundisha mambo ya nyumbani: kufukiza nguo, kumkanda mzazi aliyejifungua, kusema na mkwe mkorofi bila kugombana. Akisimulia mambo ya mkwe, wanaume nao walisogea karibu wakijifanya wanatafuta viatu.

Sasa Hasanali ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe Baqir ndiye aliyefunga. Nilimkasirikia. Aliniambia, "Mjomba, nani siku hizi anangoja saa moja ifike ndo atazame kitu? Watu washatazama asubuhi kwenye simu." Hata mimi mwenyewe natazama kwenye simu.

Naona nazunguka. Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Tangu umepata akili yako unaniomba kanda ya mama yako. Mwaka juzi uliniandikia maneno ambayo bado ninayo: "Mjomba, nataka kusikia sauti yake tu, hata kama anapiga chafya." Kila mara nilikujibu kwamba natafuta, kabati limejaa, vuta subira. Mwanakheir, sikuwa natafuta. Nilikuwa najua zilipo tangu siku ya kwanza, na nilikudanganya.

Kanda zilikuwa adimu. Kanda moja tuliirekodia, tukaionyesha, tukarekodi kipindi chengine juu yake. Sheria ya Hasanali ilikuwa moja tu: "Yenye Qur'ani haifutwi, Simai. Zilobaki zote chukua." Hakuna aliyepinga, nani angethubutu? Lakini kila Ramadhani tulirekodi mashindano ya kusoma usiku hadi usiku, na kila Ramadhani kanda ishirini zikaingia kabatini zisitoke tena. Mwaka baada ya mwaka Qur'ani ikajaa na kila kitu kingine kikafutika. Mpira umekwenda, harusi zimekwenda. Mzee akija kuomba picha ya harusi ya mwanawe, tunampa pole.

Mama yako alifariki mwezi wa Rajab, wewe una miaka mitatu. Baba yako Khatib akakuchukua Muskati baada ya arubaini. Ramadhani ikaingia, kanda hazikutosha, na msimamizi wa kanda ni mimi. Kabatini zilikuwapo kanda za mpira na hotuba. Nikaziruka. Nikachukua za Tabia, zote kumi na moja.

Usidhani nilikosea kanda. Nilijua nafanya nini. Nilikuwa siwezi kuziona zile kanda na jina lake bila moyo kuniuma, na nikajiambia kwamba Qur'ani ikisomwa juu yake ni kama khitma, thawabu zitamfikia kila zikichezeshwa, na tena hakuna atakayezigusa milele. Niliona nimempa zawadi. Juu ya kila moja nikaandika *Marehemu Tabia* kwa wino mwekundu, nikarudi nyumbani nimeridhika. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba nimemnyamazisha dada yangu kwa mkono wangu. Ni wewe uliyenifumbua macho, siku ya mwanzo uliponiuliza ile kanda.

Sasa kanda hizo ni tatizo la Baqir. Za Qur'ani hazitupwi jaani, na mashine za kuzichezesha zimekufa ila moja. Ameuliza, akaambiwa zichimbiwe shimo mahali safi. Zitazikwa Mbweni, uani kwao, wiki ijayo. Na mimi nitakuwapo, nitamzika Tabia mara ya pili, na mara hii sina wa kumlaumu.

Nilimwomba Baqir anipe hiyo mashine moja iliyobaki nizipitie kabla ya shimo. Msomaji mara nyengine humaliza kabla kanda haijamaliza, na kipande cha zamani hubaki mwishoni. Sikuweza kuikimbiza kanda ya Qur'ani ili nifike mwishoni, nafsi ilikataa, kwa hiyo nilizisikiliza zote mpaka mwisho, moja kwa siku. Kumi hazina kitu. Katika ya tisa, msomaji alipofunga msahafu, picha ilitetemeka na mama yako akatokea.

Dakika moja na sekunde kumi. Gauni la manjano, mtandio umemteleza, moshi wa udi bado unapanda. Kipindi kimeshakwisha. Mpiga picha nilikuwa mimi, na kawaida yangu ilikuwa kufunga kipaza sauti kwanza, kisha kamera, na siku ile kamera nilichelewa kuifunga. Anasema, anacheka, midomo inakwenda, na sauti hakuna kabisa. Baqir amekitia kipande hicho kwenye flashi, ndiyo iliyomo katika bahasha. Sura utaiona, na umefanana naye mno. Sauti sina.

Nisalimie baba yako Khatib, mwambie sina deni naye ila la kuonana. Msalimie Talib, na mdogo umbusu kwa niaba yetu. Zuleikha anakusalimu sana na amekufungia kashata, natumaini Sabri hatazila njiani.

Nilitaka kuishia hapo na kutia jina langu, lakini nimekuficha kitu kimoja, na ukitazama utakiona mwenyewe. Hasemi na mimi wala na kamera. Ameinama upande wa kushoto, na pale pembeni ya picha kuna kichwa kidogo cha nywele zilizosukwa. Ni wewe. Siku ambazo hapakuwa na wa kukuangalia alikuja nawe. Anakwambia maneno mengi, pole pole, kisha ananyamaza anangoja, na wewe unatikisa kichwa kumkubalia.

Nimeitazama mara thelathini nikijaribu kumsoma midomo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimesikia kila neno, na sikumbuki hata moja. Zuleikha ameniambia, "Mwandikie alikuwa akimuombea dua. Nani atajua?" Nimekataa. Uongo niliokupa unatosha. Alisema nawe, mwanangu, nawe ulimwitikia, na sauti niliifunga mimi.

Mungu akulindie wote ulio nao, na akupe moyo wa kunisamehe, sasa au baadaye.

Wako akupendaye,
Mjomba wako Simai