Masomo ya Chuma Uliyomtumia Kaka Yako

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kiwanda cha Nondo,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima, tunasukuma siku. Mama alikuwa anakohoa, lakini juzi kanisema kwa kushona pindo lisilonyooka, nikajua amepona.

Najua unasubiri habari za kaka yako. Kwenye simu anakujibu “niko poa” halafu ananirudishia simu haraka kama inamuunguza, kwa hiyo ngoja nikueleze mimi, tangu mwanzo.

Kifurushi chako kilifika salama. Vile vitabu vya ufuaji chuma, na kile kikadi cha simu chenye masomo ya kusikiliza. Nilikifungua mbele yake nikampa kitabu kimoja mkononi. Akakipapasa, akauliza ni nini. Nikamwambia dada yako ametuma masomo ya chuma kutoka chuoni anakofanya kazi. Wifi, sikufichi, alikirusha ukutani. “Nimeacha macho kule kiwandani, sasa mnaniletea na vitabu?” Tafadhali usijilaumu. Siku zile hata chai ikipoa kidogo ilikuwa ugomvi.

Nikavipanga kwenye rafu ya vitambaa. Lakini roho haikutulia. Mtu nimeishi naye miaka yote hii, anarudi kazini ananuka moshi, na sikuwahi kujua kule ndani wanafanya nini hasa. Nilitaka kukijua kitu kilichomla macho mume wangu. Basi nikawa nashona huku simu inafundisha. Yule mwalimu Kiingereza chake cha kukimbia, changu cha kuokoteza, kwa hiyo nikawa namsimamisha kila mara, nafungua kitabu, najieleza mwenyewe kwa sauti.

Siku moja nikajisomea kwamba kaboni ikiongezeka, chuma kinakuwa bora zaidi. Nikasikia sauti kutoka chumba cha pili: “Nani kakwambia bora? Kinakuwa kigumu, halafu kinavunjika kama biskuti! Nondo lazima ikubali kupinda.” Nilitulia tuli, nisimshtue. Tangu hapo nikawa nakosea makusudi.

Taratibu kiti chake kikahamia karibu na cherehani. Nikawa nasoma, yeye ananieleza: jinsi skrepa, yaani vyuma chakavu, inavyoyeyuka kwenye tanuri, kwa nini chokaa inatiwa, rangi ya chuma kilichoiva ikoje. Kitabu kina neno refu la heshima kwa ule uchafu unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Nikahangaika nalo mpaka ulimi ukauma. Akasema, “Sisi tunayaita mavi ya chuma, sema tu.” Nikasema kwa sauti, kumbe bibi harusi mtarajiwa amesimama mlangoni, amekuja kupimwa gauni! Kaka yako alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilienda jikoni kulia kidogo. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu hospitali.

Wenzake wa tanurini wakapata habari. Wakaanza kupita wakitoka zamu ya asubuhi, kwanza kwa kumjulia hali, baadaye wakawa wanakaa. Wifi, hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa kazi ile. Wote waliingizwa kwa kuambiwa “mwangalie mwenzio.” Sasa wanajazana kwenye chumba changu, wanakalia mabunda ya vitambaa vya watu, mimi nasoma na kaka yako anaeleza. Wakikosea anawafokea kama msimamizi.

Wiki iliyopita tukafika kwenye somo la skrepa yenye maji. Nilitaka kuliruka. Akasema, “Soma.” Nikasoma kwamba maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na chuma kinaruka nje kama bomu. Wote walikuwepo siku ile chuma kilipomrukia kaka yako.

Kuinua macho, nikamwona mtu amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ni Njiti, yule mwembamba waliyekuwa naye zamu moja. Ni yeye aliyelitupia tanurini lile debe lililozibwa, kumbe ndani limejaa maji. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga kwetu, na akiniona barabarani alikuwa anavuka upande wa pili.

Kaka yako akageuza uso. “Nani yuko mlangoni?”

Mwembamba mwenyewe akajibu, “Ni mimi, kaka. Njiti.”

Nikaweka mkasi mbali, wifi. Nilijisemea, leo hapa patachimbika.

“Ulijua lile debe lina maji?”

“Sikujua. Niliona chuma kama chuma kingine.”

“Kuna mtu aliwahi kukufundisha ulitoboe kwanza?”

“Hakuna.”

Kaka yako akasugua magoti. Kisha akasema, “Hata mimi hakuna. Ningekuwa mimi napakia, ningelitupa vilevile. Kaa chini. Shemeji yako ataanza upya ule ukurasa.”

Nikaanza upya, herufi zinanichezea machoni. Njiti alilia mbele ya watu wazima wenzake na hakuna aliyemcheka.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekuwa shwari. Macho hayatarudi, daktari alishasema. Kuna asubuhi kaka yako anajigonga mlangoni, anatukana mpaka Mama anaziba masikio. Lakini Njiti na wenzake walimwendea msimamizi, wakagoma kupakia skrepa isiyochambuliwa. Alizungukazunguka na maneno, mwisho akakubali. Sasa rundo limewekewa paa, na kila debe linatobolewa kabla ya kupakiwa. Halafu akatuma salamu kwamba kaka yako aje awafundishe wafanyakazi wapya palepale kiwandani.

Nilidhani atakataa. Jana asubuhi akaniomba lile shati la bluu. Njiti akaja kumchukua, wakaondoka wameshikana mikono. Nilisimama mlangoni na futi yangu shingoni, nawatazama mpaka kona. Walikuwa wanabishana kwa sauti, sijui kuhusu nini, na kaka yako ndiye aliyekuwa anashinda.

Sasa mafundi ujenzi nao wanataka somo. Ukipata kitabu cha nguzo na mihimili ya chuma, kile chenye michoro mikubwa, tutumie.

Wasalimie sana shemeji na wale mapacha. Mama anakuombea usiku na mchana, anasema ule vizuri. Mungu akulinde safarini, kazini na nyumbani.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama wa tumbo moja,

Mama Cherehani